Chembe ya dhahabu inayoubana mwanga

Ukimpeleka zahanati mtoto mwenye homa, muuguzi humtoboa kidole, hudondosha tone la damu kwenye kipimo kidogo cha plastiki, huongeza matone ya maji ya kipimo, kisha huwaambia mngoje. Baada ya robo saa hivi mstari mwekundu unajitokeza kwenye utepe mweupe. Huo wa kwanza unasema tu kwamba kipimo ni kizima. Ukitokea wa pili, mtoto ana malaria. Nimeikodolea macho mistari ile nikiwa nimempakata mwanangu, moyo ukinienda mbio, na kwa miaka mingi nilidhani wekundu wake ni rangi tu, kama ya wino au ya kitenge. Sivyo. Katika vipimo vingi vya aina hii wekundu ule ni dhahabu.

Ni dhahabu ileile ya pete na hereni, ila iko katika chembe ndogo mno, zenye kipenyo cha nanomita 40 hivi. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kucha yako hurefuka kwa nanomita moja hivi kila sekunde, kwa hiyo tangu uanze kusoma makala haya imeshaongezeka kama upana wa chembe moja. Chembe hizo zimefungamanishwa na kingamwili zinazonasa protini ya kimelea cha malaria. Damu ikiwa na protini hiyo, chembe zinakamatwa kwa wingi mahali pamoja kwenye utepe, na jicho linaona mstari.

Sasa, dhahabu ya pete ni ya njano. Kwa nini hii iwe nyekundu? Swali linaonekana dogo, lakini lilimshughulisha Michael Faraday, ambaye mwaka 1857 alitoa mhadhara mjini London juu ya maji yake mekundu yenye dhahabu, akishikilia kwamba rangi ile inatokana na chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Alikuwa sahihi. Gustav Mie wa Ujerumani akaipatia hesabu kamili mwaka 1908. Jibu lao, likisemwa kwa lugha ya leo, ni kwamba chembe ile ya kwenye kipimo ni antena. Ni ndugu wa antena ya televisheni iliyofungwa kwenye mlingoti juu ya bati, isipokuwa yenyewe inanasa mwanga.

Fito juu ya bati

Mwanga na mawimbi ya redio ni kitu kimoja. Heinrich Hertz alilithibitisha hilo kwa vyombo vyake mjini Karlsruhe kati ya mwaka 1886 na 1888, na vyombo hivyo ndivyo vilivyokuwa antena za kwanza. Kinachotofautisha redio na mwanga ni urefu wa wimbi. Stesheni ya FM inayorusha kwenye megahezi 100 ina wimbi la mita 3. Televisheni ya dijitali kwenye megahezi 500 ina wimbi la sentimita 60. Mwanga wa kijani una wimbi la nanomita 530 hivi, na ukiyapanga mawimbi kama hayo mfululizo, zaidi ya 1,800 yanaenea ndani ya milimita moja.

Fundi wa antena anajua kwamba urefu wa fito haukisiwi. Itazame ile antena yenye umbo la mfupa wa samaki: ufito unaoungwa na waya wa televisheni una urefu wa karibu nusu ya wimbi, kwa hiyo kwa megahezi 500 ni kama sentimita 30. Wimbi likipita, elektroni ndani ya ufito zinasukumwa kwenda upande mmoja, kisha upande wa pili. Ufito ukiwa na urefu unaofaa, safari ya elektroni kwenda na kurudi inapatana na mapigo ya wimbi, na kila msukumo unaongeza nguvu ya ule uliotangulia. Ukiwa mrefu au mfupi kupita kiasi, misukumo inapingana na picha inakatika.

Kwa hesabu hiyo hiyo, antena ya mwanga wa kijani ingekuwa ufito wa metali wenye nanomita 265. Basi tuipunguze tu ile ya juu ya bati, kazi iishe? Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, maana metali ikifikishwa kwenye mapigo ya mwanga inageuka tabia.

Maji ndani ya ndoo

Kwa wimbi la redio, metali ni ukuta. Elektroni zake zinaitikia upesi kiasi kwamba wimbi halipenyi ndani ila kidogo sana. Lakini mwanga wa kijani unapiga zaidi ya mara trilioni 500 kwa sekunde, na elektroni, nyepesi jinsi zilivyo, zina uzito. Amri ya kwenda kulia inazifikia, na kabla hazijamaliza kuitii imeshakuja ya kurudi kushoto. Zinachelewa. Kwa sababu ya kuchelewa huko mwanga unapenya ndani ya dhahabu kwa makumi machache ya nanomita. Chembe yenye kipenyo cha nanomita 40 inapenywa yote, na elektroni zake zote zinatikiswa kwa pamoja.

Aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani kutoka kisimani atanielewa vizuri hapa. Maji ndani ya ndoo yana mwendo wao wenyewe wa kuyumba. Hatua zako zisipopatana na mwendo huo, maji hutikisika kidogo tu. Zikipatana, yanapanda ukingo huu, yanapanda ule, kila hatua inayaongezea, na mwisho yanakumwagikia mgongoni. Ndiyo maana watu huweka kitawi cha majani juu ya maji: kinavunja ule mpigo. Tena kila chombo na mwendo wake. Kwenye beseni pana maji huenda na kurudi polepole, kwenye kopo jembamba huyumba harakaharaka.

Elektroni za chembe ya dhahabu ndizo maji, mwanga ndio hatua. Ukija mwanga mwekundu, hatua hazipatani na kuyumba kwa elektroni, kwa hiyo chembe inauacha upite. Ukija wa kijani, wenye wimbi la nanomita 520 na kitu, zinapatana barabara. Elektroni zote zinayumba kwa pamoja, na chembe inaumeza mwanga ule. Kuyumba huku kwa pamoja wanafizikia wanakuita plazmoni. Utepe mweupe wa kipimo ungerudisha rangi zote. Chembe zimekula kijani, na bluu nayo dhahabu kwa asili yake haiirudishi vizuri, basi kinachobaki kufika jichoni mwa muuguzi ni wekundu.

Umbo likibadilika, chombo kimebadilika. Kijiti cha dhahabu chenye upana wa nanomita 10 na urefu wa nanomita 40, kikiwa ndani ya maji, kinapatana na mwanga wenye wimbi la karibu nanomita 800, ambao jicho letu halioni. Ukiangalia tarakimu hizo utaona ajabu yake. Nusu ya wimbi la 800 ni 400, lakini kijiti kina 40 tu. Kuchelewa kwa elektroni kumelifupisha wimbi linapokuwa kwenye metali. Lukas Novotny alionyesha mwaka 2007 jinsi ya kuukokotoa urefu huo uliofupishwa, na tangu hapo anayesanifu antena ya mwanga anaweza kufanya kama fundi wa redio: anachukua kanuni za antena zilezile, kisha anaweka wimbi fupi mahali pa lile refu.

Watu walitumia jambo hili kabla ya yeyote kulielewa. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London kuna kikombe cha Kirumi cha karne ya 4, kinachoitwa kikombe cha Lycurgus. Kikimulikwa kutoka mbele ni cha kijani; taa ikiwekwa ndani yake, kinageuka chekundu kama damu. Kioo chake kina chembe za dhahabu na fedha zenye makumi ya nanomita. Fundi aliyekichanganya hakuwa na darubini wala hesabu za Mie, alikuwa na tanuri na mkono uliozoea.

Lenzi haifiki hapa

Mara nyingi antena hizi huelezwa kuwa ni lenzi ndogo zinazokusanya mwanga. Nakataa maelezo hayo kwa sababu yanaficha kiini cha jambo lenyewe. Mwaka 1873 Ernst Abbe wa Jena alionyesha kwamba lenzi, hata ingekuwa kamili namna gani, haiwezi kuukusanya mwanga kwenye doa lililo dogo sana kuliko nusu ya wimbi lake. Fomula yake imechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu yake mjini humo. Kwa mwanga wa kijani, doa hilo ni nanomita mia mbili na kitu. Molekuli ya kawaida ina nanomita moja hivi. Kutumia lenzi kuimulika molekuli moja peke yake ni kama kuokota punje moja ya mchele kwa koleo.

Sababu ni kwamba mwanga unaosafiri unahitaji nafasi ya wimbi lake. Lakini si kila mwanga unasafiri. Elektroni zinapoyumba ndani ya chembe, kwa nukta ya wakati zinarundikana upande mmoja na kupungua upande wa pili. Palipo na mrundikano na upungufu pana uga wa umeme, na uga huo umeng'ang'ania kwenye ngozi ya metali. Hauendi kokote. Unapiga kwa mapigo yaleyale ya mwanga, lakini ukisogea nanomita kadhaa tu umekwisha. Kwa kuwa hausafiri, haubanwi na ukomo wa Abbe. Ukubwa wake unafuata umbo la metali, wala si urefu wa wimbi.

Wakazi wa pwani wameyaona mawimbi yakigonga mwamba wa matumbawe. Wimbi linalokuja ni refu, lina mita nyingi, tena limelala. Mwamba ukiwa na ufa mwembamba, maji yanabanwa ufani na kuruka juu kuliko wimbi lenyewe lilivyokuwa. Hakuna maji mapya yaliyoumbwa. Yaliyokuwa yametandaa yamebanwa. Antena ya mwanga inafanya hivyohivyo. Chembe ya nanomita 40 hunasa mwanga kutoka eneo ambalo ni kama mara mbili ya kivuli chake, kisha hulibana pato lote hilo kando ya ngozi yake. Wanaosema kwamba inazalisha mwanga zaidi wamekosea.

Wa kwanza kuona kwamba chembe ya metali inaweza kuuruka ukomo wa Abbe alikuwa Edward Hutchinson Synge, Mwayalandi aliyekuwa akiishi Dublin, mtu asiye na cheo chuo kikuu chochote. Mwaka 1928 alimwandikia Albert Einstein akipendekeza darubini ambayo ingemulika kitu kwa mwanga uliotawanywa na chembe ndogo ya dhahabu iliyosogezwa karibu nacho kabisa. Einstein alimjibu kwamba njia ile isingefaa, akamwelekeza kwenye wazo la kupitisha mwanga kwenye tundu dogo. Synge akaandika makala yake juu ya tundu, wazo la chembe likakaa kando. Wahandisi wa maabara ya IBM karibu na Zürich, wakiongozwa na Dieter Pohl, waliijenga darubini ya tundu miaka ya 1980, na mwaka 1985 John Wessel akaandika waziwazi kwamba chembe ya metali inaweza kuwa antena ya mwanga. Ninapomfikiria Synge nasikitika. Wazo lake la kwanza, lile lililowekwa kando, ndilo ambalo leo limejaza maabara.

Ncha na nyufa

Kwa nini chuma cha kuzuia radi juu ya jengo huchongwa ncha? Kwa sababu umeme hupenda kujazana kwenye ncha, na uga wa hapo huwa mkali kuliko penginepo. Kwa antena za mwanga kanuni ni hiyohiyo. Chembe ya mviringo inabana mwanga kwa kiasi. Yenye ncha inabana zaidi. Ukiweka pembetatu mbili za dhahabu zinazoelekeana ncha kwa ncha, kama mabawa ya kipepeo, ukaacha ufa wa nanomita 10 au 20 katikati, elektroni zinarundikana kwenye ncha moja huku zikipungua kwenye ncha ya pili, na uga wote unaangukia ndani ya ufa. Hapo nguvu ya mwanga inaweza kuwa zaidi ya mara elfu ya ule ulioingia.

Mwaka 2005 ndio mwaka ambao mambo haya yalitoka kwenye karatasi. Kundi la Pohl, wakati huo akiwa Basel, lilitengeneza jozi za vijiti vya dhahabu vyenye ufa katikati, likazimulika kwa leza. Zenye urefu unaofaa ziling'aa mwanga mweupe ufani. Zenye urefu usiofaa zilibaki kimya, kama antena ya televisheni iliyokatwa vibaya. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walipima mbawa za kipepeo, na mwaka 2009 wakaripoti kwamba molekuli moja ya rangi ing'aayo, ikikaa vizuri ufani, iling'aa hadi mara 1,340 kuliko ikiwa peke yake.

Neno "ikikaa vizuri" limebeba mengi. Ukiisogeza molekuli kuelekea chembe ya dhahabu, mng'ao wake unapanda, unapanda, halafu ikibaki na nanomita chache kugusa, mng'ao unaanguka ghafla. Kwa karibu mno, molekuli inaikabidhi metali nguvu yake yote kabla haijaiachia kama mwanga, na metali inaigeuza joto. Majaribio ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba mahali pazuri ni kama nanomita 5 kutoka kwenye chembe. Kuipachika molekuli kwa usahihi huo ni kazi inayowatoa watu jasho mpaka leo.

Hata ile antena ya mfupa wa samaki imeshatengenezwa kwa ajili ya mwanga. Ilibuniwa Sendai, Japani, na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi mwaka 1926, na tangu hapo imesambaa juu ya mapaa ya dunia nzima. Mwaka 2010 watafiti wa Barcelona walipanga vijiti vitano vya dhahabu juu ya kioo kwa utaratibu uleule: kimoja nyuma cha kurudisha, kimoja cha kulishia, vitatu mbele vya kuongoza. Mfupa mzima ulikuwa mfupi kuliko elfu moja ya milimita. Kwenye kijiti cha kulishia waliweka nukta moja ya semikondakta inayong'aa. Nukta hiyo ikiwa peke yake humwaga mwanga kila upande. Ikiwa na antena, mwanga ulielekea upande mmoja, ule unaoonyeshwa na mfupa.

Alama ya molekuli

Mwaka 1928, mwaka uleule wa barua ya Synge, C. V. Raman aligundua mjini Calcutta kwamba mwanga ukigonga molekuli, sehemu ndogo mno hurudi ikiwa na rangi iliyobadilika kidogo, na badiliko hilo linategemea mitetemo ya molekuli yenyewe. Kila molekuli ina mpangilio wake wa mabadiliko, kama alama za vidole. Taabu ni uchache: fotoni, yaani punje ya mwanga, moja hivi tu katika milioni nyingi hurudi hivyo.

Mwaka 1974 wanakemia wa Southampton, Martin Fleischmann na wenzake, waliikwaruza fedha kwa umeme ili iwe na uso wenye mikwaruzo, wakaweka kemikali iitwayo piridini juu yake, wakaona alama za Raman zenye nguvu ya kushangaza. Wao walidhani uso uliokwaruzwa umebeba molekuli nyingi zaidi. Miaka mitatu baadaye makundi mawili, moja Marekani na jingine Uingereza, yalionyesha kwamba wingi wa molekuli hautoshi kueleza. Ule mkwaruzo ulikuwa msitu wa ncha na nyufa, yaani antena.

Tena antena inasaidia mara mbili. Kwanza inaubana mwanga unaoingia ufike kwenye molekuli. Kisha inausaidia ule unaotoka kuruka mbali, kama antena ya stesheni inavyorusha. Kwa hiyo uga ukiongezeka mara 10, alama ya Raman inaongezeka kama mara 10,000. Uga ukiongezeka mara 100, ni mara milioni 100. Ndiyo maana mwaka 1997 makundi mawili yaliweza kusoma alama ya molekuli moja tu.

Hili linatuhusu karibu kuliko linavyoonekana. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya, kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa. Sumukuvu haionekani wala haionjeki kwenye unga, na kipimo cha maabara kinahitaji mitambo na muda. Watafiti wameshaonyesha kwamba alama ya Raman iliyoongezwa na chembe za fedha inaweza kuitambua sumu hiyo kwenye mahindi. Kutoka hapo hadi ghala la kijijini bado pana safari, na naamini kikwazo kikubwa si bei ya fedha. Ni kwamba ufa mmoja haufanani na wa jirani yake. Molekuli iliyoangukia kwenye ufa wa nanomita 2 inapiga kelele, iliyoangukia pembeni inanong'ona, na anayepima anashindwa kujua kama sumu ni nyingi au imebahatika kukaa pazuri.

Rangi ya rozela

Antena zenye umbo maalumu huchorwa kwa miale ya elektroni. Kioo hupakwa plastiki nyembamba, mwale unachora umbo, sehemu iliyochorwa inaoshwa, dhahabu inavukizwa juu ya kila kitu, kisha plastiki iliyobaki inayeyushwa na kuondoka na dhahabu isiyotakiwa. Mashine yake ni ghali na kazi yake ni ya polepole.

Chembe za mviringo, hizi za kwenye vipimo, zinapikwa tu. Njia inayofundishwa zaidi ni ya John Turkevich ya mwaka 1951. Niliishuhudia katika maabara ya kemia ya chuo, na sijaisahau. Chupa ina maji yenye chumvi ya dhahabu, njano hafifu kama chai iliyozimuliwa. Yanachemshwa. Inaongezwa sitreti, jamaa ya asidi ya ndimu. Njano inatoweka, maji yanakuwa meupe. Kisha yanaingia kivuli cha kijivu, kivuli kinakuwa zambarau, na ndani ya dakika chache chupa nzima imekuwa na rangi ya juisi ya rozela. Hakuna aliyetia rangi. Chembe zimezaliwa, zimekua, zimefika ukubwa unaokula kijani.

Aliyekuwa akituonyesha akachota kidogo, akatia punje za chumvi ya mezani. Wekundu ukageuka bluu ya mawingu ya mvua mbele ya macho yetu. Chumvi ilikuwa imeondoa kinachozitenga chembe. Zilikuwa zimegandana, nyufa zimezaliwa kati yake, na elektroni za chembe jirani zilikuwa zinayumba kwa kuvutana. Ndoo mbili zilizounganishwa zina mwendo wa polepole kuliko moja.

Joto lililopata kazi

Kuyumba kwa elektroni hakudumu. Zinagongana na metali, plazmoni inayumba mara chache tu kisha inakufa, na nguvu yake inakuwa joto. Kwa miaka mingi hii ndiyo iliyokuwa lawama kubwa dhidi ya antena hizi. Fedha inapoteza kidogo kuliko dhahabu lakini inachakaa hewani. Alumini inafaa kwa mwanga wa urujuanimno. Hakuna metali isiyopoteza. Kinachonivutia ni kwamba baadhi ya matumizi makubwa ya antena ya mwanga yametokana na lawama hiyohiyo.

Diski za kuhifadhia data huandika kwa kugeuza sumaku za punje ndogo. Ukitaka data nyingi zaidi, punje lazima ziwe ndogo zaidi, lakini punje ndogo ya kawaida hupinduliwa na joto la chumbani na data ikapotea. Mchanganyiko wa chuma na platini unaishika sumaku yake imara hata ukiwa mdogo, tena imara kupita kiasi: kichwa cha kuandikia hakiwezi kuugeuza. Ukiupasha moto zaidi ya nyuzi 400 za Selsiasi, unalegea. Ila ni lazima upashe alama moja tu, yenye makumi ya nanomita, bila kuwaunguza majirani, halafu ipoe ndani ya nanosekunde moja hivi, huku diski inazunguka.

Leza yenye lenzi ingeunguza alama nyingi kwa mpigo, maana doa lake lina mamia ya nanomita. Kwa hiyo wahandisi waliweka kwenye kichwa cha kuandikia antena ya dhahabu yenye umbo la pipi ya kijiti. Katika ile iliyoelezwa mwaka 2009 na watafiti wa Seagate, kampuni inayotengeneza diski, duara la pipi lilikuwa na nanomita 200 hivi na kijiti chake upana wa 50. Mwanga unalitikisa duara, elektroni zinarundikana kwenye ncha ya kijiti, na ncha hiyo, ikiwa nanomita chache juu ya diski, inapasha doa dogo. Iliwachukua miaka mingine kumi na kitu kuifanya idumu, kwa kuwa dhahabu ni laini na ncha yake ilikuwa ikijiviringa kwa joto. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilitangaza diski za terabaiti 30 na zaidi zinazotumia njia hii.

Madaktari nao wameliazima joto hilo. Naomi Halas na Jennifer West wa Houston walibuni magamba ya dhahabu yanayozunguka punje za kioo, yanayopatana na mwanga unaopenya nyama ya mwili. Yakijikusanya ndani ya uvimbe na kumulikwa na leza, uvimbe unaungua kutoka ndani. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la mwanzo kwa wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume.

Ahadi moja naomba uipokee kwa tahadhari. Utasikia kwamba paa likifunikwa antena hizi litazalisha umeme wa jua kuliko paneli yoyote. Wazo hilo ni la mwaka 1972. Kunasa mwanga, antena inaweza. Lakini umeme ulio ndani yake unageuka mwelekeo mamia ya trilioni ya mara kwa sekunde, na ili uchaji betri unahitaji diodi, kifaa kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu, inayofungua na kufunga kwa kasi hiyohiyo. Diodi za kawaida hazikaribii hata kidogo. Mwaka 2015 watafiti wa Georgia Tech walionyesha kifaa cha namna hii kikifanya kazi kwa mara ya kwanza, wakitumia mirija midogo ya kaboni. Ni hatua ya kweli, lakini ufanisi wake ulikuwa chini kabisa ya asilimia moja, wakati paneli za kawaida madukani zina asilimia 20 hivi. Anayekuuzia antena za jua leo, mwache.

Upande wa pili, nyufa zinazidi kuwa nyembamba. Katika maabara ya Jeremy Baumberg huko Cambridge wanaweka chembe ya dhahabu juu ya sahani ya dhahabu, katikati pana tabaka moja tu la molekuli, unene wa nanomita moja hivi. Mwaka 2016 waliona alama za Raman zikibadilika ghafla bila wao kugusa kitu. Walipoipoza sampuli kwa baridi kali, walielewa: atomu moja ya dhahabu ilikuwa imechomoza kwenye uso wa metali, na mwanga ulikuwa umejibana kuizunguka, kwenye nafasi ndogo kuliko nanomita moja. Kwenye baridi ile atomu hutulia, na molekuli iliyo mbele yake inaweza kusomwa kwa muda mrefu. Joto likirudi, atomu inarejea safuni na alama inafutika.